Koti la Baba Cheche

Nyumba ya Fundi Betri,
Nyuma ya Soko la Nafaka.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Kwanza nipe hali yako. Kile kifua kilichokuwa kikikubana wakati wa baridi kimeachia? Na shemeji, mguu wake umepona, au bado anautumia kama kisingizio cha kutoosha vyombo? Watoto je? Nasikia mkubwa ameshakupita kwa urefu. Mwambie mama yake mkubwa amefurahi, ila na akili nayo irefuke.

Sisi huku tuko hai. Mama anatembea, anakula, na ulimi wake haujazeeka hata kidogo. Mimi mgongo unaniuma kwa kuinamia cherehani, maana huu ni msimu wa sare za shule na kila mzazi anaitaka ya mwanawe jana. Kaka yako na wifi nitafika kwao. Siwezi kukuandikia kwamba hatujambo, ukaamini, halafu baadaye ukaja kusikia mengine midomoni mwa watu.

Utauliza kwa nini barua wakati simu zipo. Nikikupigia, Cheche huninyang'anya simu na kukusimulia habari za paka wa muuza mkaa mpaka salio linakata. Asipokuwepo yeye, Mama yupo hapo hapo, masikio wima. Haya ninayotaka kukwambia sitaki yasikiwe na yeyote kati ya hao wawili. Kwa hiyo tafuta mahali ukae, usome mpaka mwisho, ndipo ulie au utukane.

Ni habari za huyo huyo Cheche.

Ulipoondoka alikuwa kitoto cha kubebwa, sasa ana miaka saba. Unakumbuka alivyozaliwa njiti, mdogo kama mkate, tukawa tunaogopa hata kumfunika. Basi tangu ajue kusimama hakusimama tena. Kaka yako akampa jina hilo kwa sababu alikuwa akiruka huku na huku kama cheche za betri waya zikigusana. Tulicheka sana. Mtoto tuliyedhani hataishi sasa anawashinda mbio wenzake wote! Kwa miaka kadhaa hatukuona zaidi ya hapo.

Shuleni ndiko kicheko kilikoishia. Darasani hakai. Akikaa, miguu haikai. Akiulizwa swali anajibu kabla halijaisha, na akiulizwa mwingine anajibu yeye. Mstari wa kwanza wa daftari lake una mwandiko wa kupendeza, wa tatu umepinda, wa nne ni picha ya paka. Viatu hupoteza upande mmoja mmoja, hivi kwamba nyumbani tuna viatu vya mguu wa kushoto vya kufungulia duka. Hayo yanachekesha. Halafu kuna siku alichomoka mkononi mwangu akimfuata kipepeo ng'ambo ya barabara. Lori lilifunga breki, na dereva akashuka akitetemeka kuliko mimi. Wala si mtoto mbaya, mdogo wangu. Akishagombezwa na kila mtu huenda kukaa nyuma ya mapipa ya maji, analia, anasema kichwa chake hakimsikilizi.

Mwalimu wake, mama mpole aliyechoka, alituita. "Sisemi hana akili," alisema. "Nasema hanipi nafasi ya kuifikia." Akatuambia tumpeleke hospitali, la sivyo mwaka ujao hana nafasi yake darasani.

Nyumbani kila mtu alikuwa na mshtakiwa wake. Mama alisema wifi kamdekeza. Muuza mkaa alisema ni soda. Kaka yako alisema ni katuni za kwenye simu. Mimi nilisema ni pipi, nikazificha zote kwenye kopo la vifungo, naye akazigundua siku hiyo hiyo. Mama alirudi kwa wifi kila siku ya Mungu: alibeba ndoo akiwa mjamzito ndiyo maana mtoto akatoka kabla ya wakati, hakumnyonyesha vya kutosha, hana sauti ya kumkemea. Wifi aliyameza yote. Amekonda, mdogo wangu, utamshangaa.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimtuliza yule mtoto, nacho ni baba yake. Ua wetu unaujua. Banda la betri bado lipo palepale alipoliacha marehemu Baba, na kaka yako huzipasua betri zilizokufa, huyeyusha risasi, ile metali nzito ya ndani, kwenye lile karai la chuma, na kumimina vichwa vipya vya kufungia waya. Jioni anapotoka bandani na koti lake la kazi, Cheche humrukia, hupanda mapajani, hutia pua kwenye lile koti, na mikono inaacha kuchezacheza. Utadhani mtu kazima mtambo. Na usingizi ni hivyo hivyo. Bila koti la baba juu yake halali.

Wewe na mimi tulilala chini ya koti kama hilo. Kila mtoto wa nyumba hii kafunikwa na koti la baba yake la kazi. Mama ndiye aliyemfundisha wifi, siku walipotoka hospitali na ule mkate wao: mtoto mdogo atulizwe kwa harufu ya baba. Na ule wimbo wa nyumbani kwetu, mtoto akisumbua, unaukumbuka? "Tulia kwanza, Baba atakubeba." Cheche kaambiwa hivyo mara elfu. Nakuomba ulishike neno hilo, nitalirudia.

Basi tukaenda hospitali ya watoto, kaka yako, wifi na mimi. Daktari ni binti mdogo, ana umri wa kuwa mwanangu, lakini ana subira. Alimwacha Cheche azunguke chumba kizima, afungue droo, aingie chini ya meza, yeye akawa anatazama na kuuliza. Alizaliwa kabla ya siku? Uzito ulikuwaje? Kuna mtu anayevuta sigara nyumbani, mama alipokuwa na mimba je? Kaka yako akaangalia sakafu. Amewahi kuanguka akaumia kichwa, au kupata degedege? Kuna mwingine kwenye ukoo aliyekuwa hivi utotoni? Hapo nikacheka bila kutaka, kwa sababu nilimkumbuka kaka yako aliyefukuzwa darasani kwa kupanda dirishani, na wewe, uliyekuwa ukila umesimama.

Kisha akauliza kazi ya baba. Unajua kaka yako akiulizwa kazi. Alijinyoosha, akaeleza kuanzia mwanzo, jinsi betri inavyopasuliwa, risasi inavyoyeyushwa, na kwamba mjini hapa hakuna anayemimina kichwa cha betri kikakaa kama chake.

"Na banda lako liko wapi, Baba?"

"Nyumbani, uani. Sina haja ya kupanga."

"Na mtoto huchezea wapi?"

"Uani," akajibu Cheche kutoka chini ya meza.

Yule binti akaweka kalamu chini. Akamtoa mtoto damu siku hiyo hiyo.

Majibu yalipotoka alituita tena. Damu ya Cheche ina risasi, nyingi. Akatueleza taratibu, kama mtu anayefungua kidonda. Moshi wa lile karai na vumbi la banda vinaingia mwilini mwa mtoto, kwa pumzi na kwa vidole anavyotia mdomoni. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa hakina madhara, na kinachoumia zaidi ni ubongo unaokua: mtoto hushindwa kutulia, kungoja zamu yake, kushika jambo moja mpaka mwisho. Akasema tatizo la Cheche lina jina lake hospitalini, na kwamba si ukaidi. Kudekezwa hakulileti na fimbo hailiondoi. Pipi zitamwoza meno, basi.

Kaka yako akauliza swali moja. "Kwa hiyo ni mimi?"

Ningefurahi daktari angesema ndiyo, au angesema hapana. Alisema hajui, na hakuna anayeweza kujua. Risasi ni moja ya vitu vinavyoongeza hatari. Kuzaliwa njiti na uzito mdogo ni kingine. Moshi wa sigara aliouvuta mama mjamzito ni kingine. Ukoo nao una sehemu yake, pengine kubwa kuliko yote. Huwezi kukipasua kichwa cha mtoto mmoja ukaona kipi kimeweka nini. Risasi ndiyo tunayoweza kuiondoa, kwa hiyo tuanze na hiyo. Kwanza vumbi, kisha akataja nguo za kazi.

Tulitazamana sisi watatu. Wifi ndiye aliyesema habari za koti. Alizisema polepole sana, na daktari hakumkaripia, alifumba macho tu kidogo.

Damu itajisafisha kidogo kidogo mtoto akitolewa kwenye vumbi, akila vizuri, maziwa, maharage, mboga za majani. Lakini yaliyokwisha kuguswa kichwani hakuna wa kutuahidi kwamba yatarudi. Nakuandikia alivyosema, sijatia chumvi wala sijapunguza.

Njiani kurudi kaka yako aliniambia, "Angesema ni mimi ningelia yakaisha. Sasa nitajiuliza mpaka nife."

Tulipomweleza Mama aliwaka. Marehemu Baba alifanya kazi hiyo hiyo maisha yake yote na akatulea! Nikamuuliza, na ile mikono ya Baba iliyokuwa ikitetemeka mpaka chai inamwagika, tukasema ni uzee, alikuwa na umri gani? Tangu siku hiyo hajataja ndoo wala maziwa ya wifi. Lile koti tulilifunga kwenye mfuko wa nailoni, tukaambiwa tusilichome, watu wa hospitali wakalichukua. Cheche alilitafuta chini ya vitanda vyote, akamuuliza hata muuza mkaa kama amemwona mtu nalo.

Lakini ninalotaka kukwambia hasa ni la kaka yako. Tangu siku ya majibu hakumgusa tena mtoto wake. Alikuwa akipita mlango wa nyuma, akila bandani peke yake kama mgonjwa wa kutengwa. Cheche akimkimbilia, anarudi nyuma, mikono juu, anasema, "Hapana, hapana, usinisogelee." Aliogopa kumtia sumu zaidi. Sisi tulimwelewa. Nani alimweleza mtoto? Tuliona vigumu, kila mtu akadhani mwenzake atasema.

Jumanne iliyopita, mchana, nilikuwa nashona chumba cha mbele, nikagundua nyumba iko kimya. Kwa Cheche kimya ni kengele ya hatari. Nikatoka mbio kwenda barazani nyuma.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba yake, ameelekea bandani. Alikuwa amechukua vipande vyangu vya kitambaa cha sare, vile vya buluu, akajifunga miguu yote miwili kwenye miguu ya kiti, akajifunga na kiuno. Mikono ameikalia. Jasho linamtiririka. Alikuwa amejikojolea hapo hapo, kwa sababu hakutaka kuinuka. Sijui alikaa muda gani. Nikamwita, hakugeuza hata shingo.

"Shangazi," alisema, midomo haichezi, "nenda kamwambie Baba nimetulia."

Nilipiga ukelele, mdogo wangu. Kaka yako akatoka bandani, akaja mpaka ule umbali wake wa siku hizi, akasimama. Aliangalia yale mafundo. Akaangalia mikono yake. Halafu akavua ovaroli palepale, akabaki na kaptura, akaenda bombani kuanza kujisugua. Maji ya bomba yalikuwa yakitoka tone tone kama machozi, na nani unadhani alikuja na ndoo na sabuni? Mama. Alimmwagia mwanawe maji kama anavyomwosha mtoto mchanga, kichwa, shingo, chini ya kucha, bila neno hata moja. Mama yetu, bila neno!

Nilimpa shati la mteja ambalo halijachukuliwa. Alijaribu kufungua mafundo, yakamshinda, mtoto alikuwa ameyakaza kwa nguvu zake zote, nikampa mkasi akayakata. Akambeba. Cheche akatia pua begani mwake, akanusa, akamtazama usoni.

"Baba, hunuki kama wewe."

Kaka yako alilia kwa sauti hadi muuza mkaa akachungulia ukutani. Alipoweza kusema, alimweleza mtoto mwenyewe, kwamba kosa si lake, kwamba koti ndilo lilikuwa baya. Cheche alisikiliza nusu, maana paka alipita. Kisha kaka yako akaniambia mimi, "Dada, mwandikie mdogo wetu."

Kwa hiyo naandika. Tunakuomba uwapokee Cheche na mama yake. Ndiyo, na mama yake, kwa sababu wifi ana mimba. Daktari alimpima naye, na damu yake haiko salama, na risasi hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni. Wifi alipoambiwa hivyo alishika tumbo kwa mikono yote miwili, hakuliachia mpaka tumefika nyumbani. Hatuwezi kungoja tuone huyu wa pili atatoka vipi. Kaka yako anatafuta kibanda karibu na gereji, mbali na watu wanaolala, na ua utachimbwa na kusakafiwa. Sijui itachukua muda gani. Kazi nyingine haijui, na wewe unafahamu hilo kama ninavyofahamu mimi. Yeye atabaki nasi.

Najua utakubali, ndiyo maana nakupa maelekezo kabla hujajibu. Mpe Cheche agizo moja moja. Ukimwambia avae viatu, alete mkoba na afunge mlango, utapata mlango tu, pengine. Mshike mkono kila penye magari, hata akikuapia. Nywele na mikono ioshwe, maziwa asiyakatae. Shule mpya ionyeshwe karatasi ya daktari mapema, na ukimpata mwalimu mwenye moyo mwombe amruhusu kusimama akiandika. Usingizi utakuwa taabu. Nimemshonea shuka zito la kitambaa kipya, jipya kabisa, halijafika uani hata mara moja. Ananiambia halina baba ndani.

Mama anakusalimu, anasema umletee miwani. Kaka yako anakusalimu, hakuongeza neno. Wifi anakusalimu na anaona haya kukuomba, jifanye huoni. Muuza mkaa pia anakusalimu, ingawa hakumbuki wewe ni yupi kati yetu. Msalimie shemeji na wanangu wote, mmoja mmoja kwa jina lake.

Mungu akulindie kifua hicho, na nyumba yako iwe na nafasi kubwa kuliko unavyodhani.

Na hili la mwisho, mdogo wangu, ulishike kuliko yote. Jana, Cheche alipoambiwa anakuja kwako, aliniuliza kama kwa shangazi inabidi atulie ndipo abebwe. Nimemwambia hapana, lakini simwoni kuniamini. Akishuka kwenye basi ukamwona amesimama kimya, mikono nyuma, mtoto mwenye adabu zake, usimsifu. Mbebe kwanza, mbele ya salamu. Halafu mweke chini umwambie akimbie.

Wako akupendaye daima,
Dada yako